Gauni la Manjano Kwenye Bango

Jumatano, 9 Julai

Magauni tangu asubuhi. Navaa, navua, navaa. La mwanzo linabana kwapani. La pili limepwaya kiunoni, utasema nimevaa gunia. La buluu limekaa vyema mbele, lakini nikikaa kitako linapanda mpaka pasiposemeka. Nimemwambia Bi Rukia. Kacheka. Ati watalii hawakai kitako, wanalala ufukweni.

Nje kipupwe. Mama leo kaamka kajifunika shuka mbili. Na sisi tunashona magauni ya jua, kwa watu ambao kwao sasa ndiyo joto. Nasimama chumba cha nyuma, mikono wazi, magoti wazi, vinyweleo vimesimama kwa baridi. Mlango una komeo. Ndani ni mimi, Bi Rukia mwenye duka, na Mama Neema fundi wetu. Ndivyo tulivyokubaliana siku nilipoanza kazi: nijaribu magauni, niseme wapi panavuta na wapi pamelegea, na asinione mtu mwengine.

Bi Rukia hupiga picha za mgongo na ubavu kwa simu yake, Mama Neema apate kuona mikunjo. Sijawahi kuuliza picha zile huenda wapi. Kwa nini niulize? Ni Bi Rukia. Nilipoachika ndiye aliyenipa kazi siku ileile, bila kuniuliza kosa lilikuwa la nani.

La manjano, lile la kufunga mabegani na mgongo wazi, mwisho limekaa. Tumelirudia mara chungu nzima. Kiuno kipo mahali pake, mgongo hauvuti. Nikajitazama kwenye kioo zaidi ya kazi ilivyohitaji. Kisha nikavaa buibui langu, nikaenda kununua maandazi.

Alhamisi, 10 Julai

Siku ya hovyo. Kitambaa kipya kikilowa kinasinyaa. Mama Neema kanichoma pini ubavuni, damu kwenye pindo, tukaifua kwa maji ya chumvi. Bi Rukia hakuwepo. Kenda kwa mtu wa mabango. Kasema msimu huu duka lazima lionekane.

Vyema. Na lionekane.

Jumamosi, 12 Julai

Sijavua hata buibui. Naandika hivyo hivyo.

Nimerudi nyumbani, Mama kakaa kwenye mkeka, kikapu cha samaki mbele yake, samaki hajaparwa. Alikwenda Darajani. Akasema kwa vile keshafika mjini, akate vichochoro aje anisalimu dukani. Hakufika. Karudi njiani.

Kaniuliza, "Zuhura, lile bango pale kona ya dukani kwenu, hujaliona?"

"Bango lipi, Mama?"

"Nenda kautazame mgongo wako."

Mimi hutokea mlango wa nyuma, kona ile siipiti. Nikageuza kurudi mjini na viatu miguuni. Maghrib haijaadhiniwa bado.

Mgongo wangu. Mkubwa kama mlango wa nyumba. Gauni la manjano. Mikono yangu, mabega yangu, na baka langu jeusi la kuzaliwa chini ya bega la kushoto, sasa kubwa kama sahani. Kichwa hakipo. Bi Rukia kakikata shingoni. Kadhani mtu ni uso. Mama ndiye aliyeukogesha mgongo huu. Uso wa nini?

Chini ya bango wanaume wawili wanakunywa kahawa. Mmoja anapuliza kikombe chake, macho juu, anatazama. Hana haraka. Nikasimama pembeni yake, nimejifunika, nimebaki macho na viganja. Kaniona, kajivuta ukutani kwa adabu, kainamisha macho.

"Pita, dada."

Kisha kayainua tena kwenye bango.

Nilitaka kumtemea mate ndani ya kahawa yake.

Jumatatu, 14 Julai

Jana duka lilifungwa. Siku nzima nikajipangia maneno. Leo yote yamenipotea, nikabaki na sauti tu.

Bi Rukia alikuwa anapanga magauni kwenye henga. Sikumwamkia. Mara ya kwanza tangu tujuane.

Nikamwambia, "Umenitundika ukutani."

Hakujitia kutojua, hilo namshukuru. Kasema, "Nani atakujua? Mbona sikutia sura yako?"

"Mama kanijua."

"Mama yako ndiye aliyekuzaa, lazima akujue. Mimi nasema watu."

"Kumbe Mama si mtu?"

Kaanza kunibembeleza. Ati nimependeza. Ati wageni wanakuja wananyoosha kidole, wanataka gauni lile lile. Ati nifurahi, wangapi wanatamani umbo kama langu. Nikamwambia alishushe leo. Kasema msimu ukimalizika, kwa sababu keshalilipia. Kasema na kwenye ukurasa wa duka mtandaoni picha zipo tangu mwezi uliopita na hakuna aliyelalamika. Kalisema hilo kunituliza! Mwezi mzima nimezunguka dunia bila kichwa, na mimi huku nawaza sukari na mkaa.

Nikamuuliza kwa nini hakuniuliza. Swali hilo tu.

Kajibu, "Ningekuuliza ungekataa."

Wallahi ndivyo alivyosema.

Mama Neema muda wote hakuinua kichwa. Cherehani inakwenda mbio, na chini ya sindano hamna kitambaa.

Nilipotoka kanifuata uchochoroni. Kanambia alijua. Bi Rukia alimwambia uso hautakuwepo, naye akaona basi. "Nina watoto, Zuhura. Nikifukuzwa hapa nirudi bara na nini?" Kalia. Sikumwonea huruma. Nina hasira naye vile vile. Ndiye aliyekuwa ananishika bega na kunambia geuka kidogo, dada, nione mgongo.

Jumanne, 15 Julai

Sikwenda kazini.

Kaka yangu Abeid kaja kutoka Kikwajuni, kumekucha tu. Keshasikia. Nani kamwambia sijui. Kasimama mlangoni anafoka, na mimi nikadhani anamfokea Bi Rukia. Kumbe mimi.

"Nani alikwambia uvae?"

Nikamwambia nilivaa ndani, mlango umefungwa, mbele ya wanawake wawili, kazi ya halali. Kasema ningekuwa kwa mume haya yasingetokea. Kisha kasema anakwenda na vijana wenzake leo, watalirarua bango na vioo vya duka juu yake, ili watu wajue familia hii ina wanaume.

Nikasimama. Nikamwambia mgongo ni wangu na hasira ni yangu. Akitaka hasira akatafute ya kwake. Nikamwambia akigusa kioo hata kimoja, nitakwenda mwenyewe kusema ni yeye. Kanitazama kama hanijui. Kaondoka na chai hajainywa.

Sasa wako wawili waliofanya mambo kwa mwili wangu bila kuniuliza. Mmoja kauuza, mmoja anataka kuupigania. Wote wawili hawakunisemesha mimi.

Mama kimya. Shikamoo, marahaba, basi. Chakula ananiwekea. Maneno haniwekei. Ningependa anipige.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimefanya.

Nilifika duka limejaa. Mgeni mmoja, mwanamke mrefu, kasimama mbele ya kioo na gauni la manjano. Langu. Kaniona mimi, kadhani mnunuzi mwenzake, kanyoosha mikono na kuniuliza kwa macho: linafaa? Bi Rukia nyuma yake anamwambia kapendeza, kapendeza sana. Halikufaa. Lilikatwa kwa mabega yangu, na yake mapana. Kwapani limekaza mpaka ngozi imevimba, na mgongoni pindo limepanda upande. Nikatikisa kichwa. Nikamwonyesha kwapa, nikamtolea la buluu, saizi yake. Sijui kwa nini nilimwambia kweli. Mazoea. Au sikutaka kumwona mtu mwengine ndani ya lile.

Nikamgeukia Bi Rukia. Nikamuuliza kwa sauti ya chini, kwa adabu, mbele ya wateja wake, "Bi Rukia, bango litashuka leo?"

"Zuhura, usinichoshe. Nina watu."

Nikatoka. Ngazi ya duka hukaa nyuma ya mlango. Nikaibeba mpaka kona, nikaiegemeza ukutani. Wanywa kahawa wakanyanyuka na vikombe vyao. Ngazi inacheza, mawe ya pale hayako sawa, na buibui linanasa kila nikipanda. Nikafika katikati nikaogopa. Nikasema sasa nitaanguka, na hiyo itakuwa picha nyengine.

Ngazi ikatulia. Nikatazama chini. Mama Neema kaishika kwa mikono miwili. Kisha kanyoosha mmoja juu na kunipa mkasi wake. Mkasi wa kitambaa! Ule ambao ukikatia karatasi tu hasemi nawe wiki. Nikakata kamba nao, za juu, kisha za ubavuni. Ngumu kama mifupa. Bango likaporomoka lote mara moja, likawafunika nusu wale wenye kahawa.

Bi Rukia katoka mbio. "Mwizi! Bango langu hilo!"

"Bango lako," nikamwambia. "Mgongo wangu. Nachukua mgongo."

Nililikunja, picha ndani. Zito, plastiki, linateleza. Yule wa "pita, dada" kataka kunisaidia kubeba. Nikamwambia asiliguse. Kaacha. Nikapita katikati yao na hakuna aliyenizuia.

Mama kaniona naingia nalo. Kasogeza mkeka, nipate pa kuliweka.

Ijumaa, 18 Julai

Bi Rukia kaja baada ya sala. Kavaa lile buibui lake la mialiko, kaleta halua. Mama kamkaribisha, kamkalisha kitini. Mimi nikaleta chai.

Na hapo, mbele yangu, nimesimama na sinia mkononi, Bi Rukia kamshika Mama mkono na kumwomba radhi. Bi Mwanaidi, niwie radhi. Bi Mwanaidi, shetani kanipitia. Bi Mwanaidi, wewe ni mama kama mimi, unajua. Maneno mazuri, machozi yapo. Mimi sipo. Kanikata kichwa mara ya pili, safari hii ndani ya nyumba yetu.

Nikasema, "Bi Rukia, mimi hapa."

"Najua, mwanangu."

"Basi niombe mimi."

Kamtazama Mama, kama mtu anayetafuta mkubwa mwenzake amwondoe kwenye makelele ya mtoto. Mama kavuta mkono wake. Taratibu, bila ubaya, kauweka mapajani.

"Mwombe mwenyewe," Mama kasema. "Mgongo ni wake."

Siku zote hizi nilikuwa sijui Mama kakasirikia nani. Nilidhani mimi.

Bi Rukia kazungusha kikombe mpaka chai ikapoa. Kisha kanigeukia na kusema, "Niwie radhi, Zuhura. Nilipaswa kukuuliza." Sauti ndogo. Sijawahi kuisikia kwake. Nikamwambia atoe simu. Nikakaa kando yake, bega kwa bega kama tulivyokuwa tukichagua vitambaa, akazifuta picha moja moja, za mtandaoni na za kwenye simu. Nyengine nilikuwa nimezisahau. Gauni la rangi ya bahari, la milia, moja jeupe nililosema halifai hata kwa pazia. Pote mimi, pote hakuna mimi.

Zilizokwisha kwenda kwa watu, zimekwenda. Hilo hata yeye hawezi.

Kaniomba nirudi kazini. Nimekataa. Sijamsamehe. Radhi nimeipokea, kusamehe bado. Linaloniudhi zaidi ni kwamba alipovaa viatu mlangoni nikaona vimekanyagika kisigino, nikataka kumwinamia nimnyooshee. Bado nampenda, na hasira haijanipungua hata kidogo.

Jumatatu, 21 Julai

Bango lipo chini ya kitanda. Abeid kasema nilichome. Siwezi. Kuliweka siwezi pia. Nimelisukuma mpaka ukutani.

Mama Neema katuma salamu. Hajafukuzwa. Bi Rukia hana fundi mwengine wa mkono ule na anajua. Nimemrudishia salamu. Nilitaka nisizirudishe.

Sokoni leo nilihisi kila mtu anaujua mgongo wangu. Nikamkaripia muuza ndimu bure. Maskini, alikuwa ananambia mkoba wangu uko wazi.

Jumapili, 27 Julai

Upepo mzuri. Tumeanika nguo, zimekauka upesi.

Mama kanikalisha barazani anisuke. Kakaa kigodani, mimi chini kati ya magoti yake, chupa ya mafuta ya nazi kwenye jua yayeyuke. Vidole vyake vimekuwa vigumu siku hizi, anavuta. Sikulalamika. Jirani kapita katusalimu, tukaitika.

Upande mmoja ukamalizika. Kaanza wa pili.

"Lile gauni," Mama kasema.

Nikangoja. Chanuo kikashuka, kikapanda.

"Lilikukaa vyema."

Nikamwambia tulilirudia mara nyingi, kiuno ndicho kilichosumbua. Kaguna. Kachovya kidole kwenye mafuta, kanipaka utosini, mpaka nyuma ya masikio.

"Inamisha kichwa," kasema.

Nikainamisha.