Nyayo za Bata

2 Februari

Mwanangu mpenzi,

Hujambo? Mimi sijambo, ila presha tu. Anwani nimepewa na shangazi yako. Usimlaumu, nilimlilia.

Wiki jana walimu wa michezo tuliitwa semina. Daktari akatufundisha maumivu ya muundi, huu mfupa wa mbele chini ya goti. Akasema yanawapata zaidi wasichana, wenye nyayo bapa, wenye miili mizito, na waliowahi kuumia hapo wakakimbizwa tena kabla hawajapona. Kalamu ikanisimama mkononi. Alikuwa anakutaja wewe bila kukujua. Na mimi mbele ya darasa zima nilikuita mvivu, nikakuongezea mizunguko mitano. Nisamehe.

Mama yako

19 Mei

Shikamoo Mama,

Mimi mzima. Barua yako nimekaa nayo miezi mitatu.

Mizunguko ile mitano ndiyo iliyoupasua mfupa. Miaka kumi na miwili sasa, na nikishinda nimesimama kupiga pasi kwa dobi, narudi nyumbani nikishika ukuta. Lakini mguu si kitu. Kinachoniuma ni siku ile nilipotoka bafuni, ukawaita majirani waje kuona nyayo zangu kwenye saruji, hazina kiuno. "Bata huyu!" Mlicheka mpaka mkashika mbavu. Jina likanifuata hadi shuleni.

Nina binti wa miaka saba. Hukuambiwa. Mbio anazipenda kupita chakula. Juzi katoka kuoga, nikatazama sakafu. Unyayo wake nimeuchora kwenye karatasi hii. Nifanye nini?

Binti yako

28 Mei

Mwanangu,

Hamjambo wote? Nina mjukuu! Nimelia, nimecheka, nimelia tena.

Mwache akimbie, ila kwenye majani, siyo kwenye lami, na asizidishe ghafla. Fundi viatu amwekee soli ya kuinua katikati ya unyayo. Na siku akisema, "Mama, inauma," mwamini siku hiyohiyo. Hilo ndilo lililonishinda mimi.

Anaitwa nani? Nije?

Bibi yake

2 Julai

Shikamoo Mama,

Sisi wazima. Alisema inauma. Nikamwamini. Nikamwekea barafu, akapumzika wiki tatu, sasa anaruka. Kwa hilo, asante.

Lakini nilipomwona anavyodeka na kamguu kake, wivu ulinikaba. Nimemwonea wivu mwanangu mwenyewe, Mama. Usije. Sina hasira, nimechoka tu. Ukija nitarudi kuwa mtoto, na mtoto yule hakuna aliyemwamini.

Binti yako

30 Septemba

Mwanangu,

Salamu nyingi kwako na kwa mdogo. Hii ni barua ya tatu tangu uniambie nisije, hujajibu, wala sikulaumu.

Wanasema nyani haoni kundule. Jana nimemwaga maji uani, nikakanyaga saruji kavu, nikaweka karatasi ya mjukuu wangu pembeni. Unyayo wangu hauna kiuno. Nilipokuwa msichana nilikimbia nikiumia, nikaambiwa ni uvivu, nami nikaamini. Kumbe bata ni mimi.

Siombi kuja. Ila leo nakwambia, niamini ukiweza.

Inauma, mwanangu.

Mama yako