Tarehe Tatu Ilikuwa Yangu

Valea Ciresului,
9 Machi

Dada Anghelina,

Pokea salamu za mdogo wako, nzito kama gunia la viazi, uwagawie na majirani wa ghorofa yako, hata yule wa juu anayekumwagia maji. Magoti yakoje? Na meno mapya, yameshazoea kinywa chako au bado yanalala kwenye glasi? Mimi huku ni mzima, ila kifua kinakoroma kidogo na moyo umechacha kama maziwa ya juzi. Sababu utaisoma mbele, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka sala.

Kwanza ujue kwamba anayekuandikia si yule Pandele unayemjua. Ni mtu mpya. Tangu Machi mosi nimenyoa ndevu, nimepaka chokaa kuta zote nne, na sijaonja hata tone.

Haya, sawa. Ndevu nimenyoa kweli. Kuta ni mbili, na ya pili haijafika dirishani. Kuhusu tone, leo ni sikukuu ya Mashahidi Arobaini, nawe unajua kwamba hapa kila mwanamume anatakiwa kunywa vikombe arobaini vya divai. Nimeishia cha kumi. Kwa hiyo mwandiko ukiyumba usimlaumu mwalimu wetu. Darasa la nne alinifundisha mara mbili.

Utauliza upya huu umetoka wapi. Umetoka kwa Zamfira, mjane wa yule fundi mapipa, jirani yangu ng'ambo ya uzio. Msimu wote huu wa baridi tumekuwa tukila supu pamoja, Jumapili kwake, Alhamisi kwangu, na kwangu pia mpishi ni yeye. Mwezi wa pili nikamwambia kwamba kuwasha majiko mawili kwa wazee wawili ni kuuonea msitu. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanieleza kwamba binti yake aliye Italia anamtaka akalee wajukuu, basi linaondoka mwisho wa Machi, naye hajui ajibu nini. Akasema tumwachie bibi wa Machi aamue: siku yangu ikitoka na jua, atabaki na tutawasha jiko moja, ikitoka mbaya, atafunga mizigo. "Mzee mwenye mwaka mbaya simtaki, Pandele," akasema. "Yule wa kwanza alinitosha."

Wewe umekaa mjini miaka hamsini, huenda umesahau hesabu yake. Siku tisa za kwanza za Machi, bibi kizee Dochia anavua makoti yake tisa ya ngozi ya kondoo, moja kila siku, na kila mtu ana siku yake: unachukua tarehe uliyozaliwa, unajumlisha tarakimu zake hadi ibaki tarakimu moja tu. Hali ya hewa ya siku hiyo ndiyo mwaka wako. Kitambulisho changu kinasema Januari kumi na tano. Moja na tano, sita. Nikatangaza dukani kwa Tudorache, mbele ya Zamfira na kila mwenye masikio, kwamba siku yangu ni tarehe sita. Machi mosi nikampelekea Zamfira uzi mwekundu na mweupe, ule wanawake wanaopewa siku hiyo kwa heri ya mwaka, akaubandika kifuani, nami nikakoroga chokaa.

Sasa sikia. Tarehe mosi, ukungu. Tarehe mbili, ukungu na manyunyu. Tarehe tatu, dada yangu, jua likatoka kama limetumwa! Theluji ikaporomoka paani, kuku wakaoga vumbi chini ya ukuta, nyuki wa padri wakatoka kunusa. Zamfira akaanika mazulia yake yote kwenye uzio, mikono ya blauzi kaikunja, akanipigia kelele eti mwenye siku hii ni nani, maana mwaka huu hata jogoo wake atataga. Nikajibu simjui. Nikaendelea kupaka chokaa mahali pale pale mpaka ukuta ukanishangaa.

Tarehe sita niliamka na kuvaa koti la kanisani. Nje ilikuwa mvua iliyochanganyika na theluji, na upepo uliong'oa bati la banda langu la kuku ukalitupa kwenye bustani ya Zamfira. Nikasimama getini kwake, kofia mkononi, maji yakiniingia shingoni. Akafungua dirisha upana wa kidole, akauliza kama huo ndio mwaka ninaomletea, kwa sababu baridi yabisi anayo tayari. Nikamwambia mawingu yatapita, siku bado changa. Akasema haya, atangoja mpaka jioni, yeye ni mtu wa haki. Na alingoja, Anghelina. Kila mara nilimwona akisogeza pazia na kutazama juu. Jioni ikaja na mvua ya mawe. Kesho yake akashusha sanduku kutoka juu ya kabati.

Leo kwa Tudorache wamenila mzima mzima. Tudorache huku ananimiminia, akasema tangu azaliwe hajaona mwanamume aliyekataliwa na wingu. Mwingine akadakia kwamba nimshukuru Dochia, kaniokoa na kunawa miguu kila jioni. Nikacheka nao hadi kikombe cha tisa. Cha kumi nilikiacha nusu mezani, nikaja nyumbani kukuandikia.

Jambo lenyewe hili hapa, na mpaka sasa nimewaambia kuku tu. Mimi sikuzaliwa tarehe kumi na tano, na nilijua. Mama aliniambia mara mia: nilizaliwa kumi na mbili, baba akasherehekea siku tatu ndipo akakumbuka kwenda kuniandikisha, na karani akaandika siku ile aliyomwona mlangoni. Moja na mbili, tatu. Lile jua lilikuwa langu! Lakini mwisho wa Februari redio ilisema Machi itaanza na ukungu na tarehe sita mbingu zitatakata. Nikaona kwa nini nimwachie kizee bahati yangu, wakati kitambulisho kinanipa nyingine yenye mhuri. Nimeibiwa, dada, na nikimtafuta mwizi namkuta kwenye kioo, kanyoa ndevu.

Jana nilimwendea Zamfira nikamwambia habari ya tarehe kumi na mbili. La redio nililimeza. Akaniambia, "Pandele, mvua ikishanyesha ndipo unazaliwa upya? Lete shahidi." Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Sanduku lilikuwa wazi kitandani, na ndani mlikuwa na jozi moja tu ya soksi. Akasema Jumapili ijayo anamjibu binti yake.

Sitaki unihurumie. Nataka ujue tu kwamba nyumba hii ni kubwa mno kwa kijiko kimoja, na baridi nyingine kama zile za kabla ya supu yake siiwezi.

Wasalimie wanao, na ukimwona padri wenu mwambie bado sijafa.

Mashahidi wote wako makaburini, umebaki wewe. Ulikuwa na miaka minane, ukatumwa kwenye theluji kumwita mkunga. Mwandikie Zamfira mistari mitatu: siku ile ilikuwa tarehe ngapi, nani alikwenda kuita, baba alichelewa wapi. Bahasha yenye stempu nimeiweka humu, na anwani nimeiandika mwenyewe ili usisingizie macho. Na la redio liandike pia. Mimi nikilisema litageuka mzaha. Akibaki, abaki akijua ni mjinga gani anakula naye. Usiseme huwezi. Soseji zilizoliwa katikati ya Kwaresima, mwaka ule wa baridi kuu, nani alizila, Anghelina? Na mgongo uliochapwa ulikuwa wa nani? Miaka sitini na tano sijamwambia mtu. Kwa ajili ya mgongo ule nakuomba mistari mitatu, ifike kabla ya Jumapili.

Mdogo wako,
Pandele