Nimemficha Mke Wangu Dawa ya Mafua Nilinde Ini Lake

Mshauri, shikamoo. Nisaidie kabla ndoa yangu haijavunjika. Mke wangu Rukia ana mimba ya miezi saba, alishikwa na homa na kikohozi nikampeleka hospitali, daktari akapima akasema ni virusi vya mafua makali, akampa kapsuli za kupambana na virusi hivyo, asubuhi akameza ya kwanza hajatia kitu tumboni, akatapika maji ya njano, nikakimbilia kijiweni kwa rafiki yangu Jafari ambaye huwa anasema hizo dawa zinakula ini na figo, akaniambia, "Shemeji anatapika njano? Basi ndiyo ini hilo linatoka," nikaogopa na mtoto asije akazaliwa hana figo, nikazichukua kapsuli nikazificha stoo tunakoweka salfa ya kupulizia mikorosho, nikawa namfukiza kwa majani ya mwarobaini. Sasa anahema kwa shida, na mama yake amekuja kutoka Chuno ananisema mbele ya majirani, "We baba, mwanangu akifa utamzika na hilo ini lake zima?" Mimi nampenda mke wangu. Nimwambieje mama mkwe asiingilie ndoa yangu?

Idrisa, Mpapura

Idrisa, ujumbe wako haukungoja gazeti. Tulikupigia simu siku ileile tukakuambia umpeleke hospitali mara moja. Ukajibu kwamba unasubiri nyungu ichemke. Mama mkwe wako hakusubiri. Alikodi bajaji akamkimbiza hospitali.

Ini halitoki mdomoni. Maji yale ni nyongo, humtoka yeyote anayetapika tumbo likiwa tupu. Kichefuchefu ni kero ya kawaida ya dawa hiyo, na hupungua mtu akila kwanza, hata uji. Figo ndizo zinazoitoa mwilini, kwa hiyo mgonjwa wa figo hupunguziwa dozi, na anayepunguza ni daktari, si mume. Ini kudhurika ni nadra sana. Akivimba uso, akitoka upele mkali au akichanganyikiwa, unarudi hospitali, huendi kijiweni. Mjamzito hupewa dawa hiyo kwa sababu mafua hayo yakishuka mapafuni yanaweza kumuua yeye na mtoto.

Wewe kila msimu unapulizia salfa umejifunika pua kwa kola ya shati, unakohoa wiki nzima, na hujawahi kumuuliza Jafari habari za mapafu yako. Leo ini la mwenzio limekufanya daktari.

Unampenda? Mapenzi hayo yamemnyima dawa siku ambazo ingemfaa zaidi, kisha yakamfunika blanketi akiwa hapati pumzi.

Mama mkwe mwombe radhi, halafu nyamaza. Kapsuli usimpe kwa mkono wako tena. Wapelekee madaktari waamue. Rukia yuko kwenye oksijeni, na wanahitaji kujua alimeza ngapi. Usiseme alimeza zote. Usimtaje Jafari. Sema, "Alimeza moja, zilizobaki nilizificha mimi."