Uduvi wa Silanga la Mutomo

Jumatatu, 3 Novemba
Nimesahihisha mitihani hadi mchana. Chai imepoa mara mbili. Kabla ya kufunga kompyuta nikachungulia kama kawaida yangu: makala yangu imenukuliwa tena. Brazili safari hii. Ni ile ya kwanza, niliyoandika na Profesa Mutua nikiwa mwanafunzi wake. Tulisema silanga, bwawa la kuchimbwa la maji ya mvua, likitolewa tope, uduvi wadogo wa mvua hupotea moja kwa moja, maana mayai yao hukaa humo topeni. Ndiyo iliyonipa jina. Kamati ya vyeo inakaa mwisho wa mwezi. Nautaka uprofesa. Nautaka sana.

Alhamisi, 6 Novemba
Nimepata mgeni ofisini. Mama Kalondu, mwenyekiti wa kikundi cha wanawake cha Zombe. Silanga lao limejaa tope, maji hayafiki Januari. Waliomba msaada lichimbwe upya. Mfadhili amekataa, na barua yake inataja makala yangu. Aibu. Hakuja na hasira. Alinieleza kwamba kwao alikozaliwa, karibu na Mutomo, silanga lilitolewa tope zamani na uduvi wanaonekana kila mvua. Nikasema pengine ni wadudu wengine.

"Daktari, mara ya mwisho wewe ulikuja kuangalia lini?"

Nilikuwa bado mwanafunzi. Tulipima msimu mmoja tu.

Jumamosi, 8 Novemba
Mvua. Tangu alfajiri. Nimeosha nyavu, nimetafuta chupa. Naogopa na nina hamu. Hamu imezidi.

Jumamosi, 15 Novemba
Mutomo. Wapo!

Wengi. Wanaogelea chali, wepesi, karibu hawaonekani. Majike na vifuko vyao vya mayai. Nilipiga magoti matopeni nikacheka peke yangu. Mbuzi walitawanyika.

Lakini mayai yalitoka wapi, kama tope lilitolewa? Kioko, kaka yake Mama Kalondu, analeta ng'ombe kunywa hapo. Kwanza huwapitisha kwenye mashimo ya mawe yanayojaa maji ya mvua kule kilimani. Nikamwomba nikwangue tope kwenye kwato. Akauliza ng'ombe wake wana ugonjwa gani.

Jumanne, 18 Novemba
Darubini tangu asubuhi. Sijala. Tope la kwato lina mayai. Sampuli baada ya sampuli. Ng'ombe ndio wanaoyarudisha! Miaka yote hii hakuna aliyetazama miguu ya ng'ombe. Sijawahi kufurahi hivi kazini.

Makala yangu si sahihi. Hilo pia nimeliona leo.

Jumatano, 19 Novemba
Nimemwambia mkuu wa idara. Ameshauri nisubiri kamati ipite kwanza, ni siku chache tu. Hana ubaya, ananitakia mema. Nusura nikubali.

Ijumaa, 21 Novemba
Mukuyuni, kwa Profesa Mutua. Amestaafu, anapalilia michungwa. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno, maana jina lake liko pale pamoja na langu. Nilipofika, nikampa tu chupa ya uduvi. Akaipeleka mlangoni penye mwanga, akaitazama kwa muda mrefu. Nilimweleza habari ya kwato. Akaniuliza nilipima kwato ngapi, tope kiasi gani, akanirudisha nyuma mara tatu kama mwanafunzi. Kisha akaketi.

"Masahihisho ukiandika, weka na jina langu."

Nililia kidogo. Alijifanya hajaona.

Jumatatu, 24 Novemba
Nimetuma masahihisho kwenye jarida. Nakala kwa mfadhili. Nakala kwa kamati.

Ijumaa, 28 Novemba
Kamati imeahirisha cheo changu hadi makala mpya itoke. Inauma. Sitajidai haiumi. Jioni nimeanza kuandika hiyo makala. Kurasa tatu bila kuinuka.

Jumanne, 17 Februari
Zombe. Mfadhili alibadilisha uamuzi. Silanga limekauka na wanawake wanachimba, wanapokezana sululu na karai. Kona moja tumeiacha na tope lake lenye mayai, tukaizungushia miiba. Tulikula muthokoi wa mahindi na maharagwe tukiwa tumekaa ukingoni. Mama mmoja akauliza hayo mayai yanaweza kungoja mvua muda gani. Nikamwambia miaka, hata mingi. Akafikiria kidogo.

"Basi yanatushinda sisi," akasema, akajifunga leso vizuri na kushuka tena shimoni.