Ufunguo Ndani ya Gambuti

Jumapili, 8 Desemba

Kidoti kasali kabla ya kulala. Kaombea mguu wa bibi yake, kaombea paka wa jirani, kisha akamalizia: "Na wewe Baba Krismasi, usisahau baiskeli. Amina." Wote wawili kwenye sala moja! Baba yake — mzee wa kanisa mzima, mwalimu wa watoto kila Jumapili — kaangua kicheko mpaka akashika mlango asianguke.

Chumbani nikamwuliza unacheka nini, mwanao anamwomba mtu wa kwenye tangazo la soda? Akasema huo ni utoto, una raha yake, yeye mwenyewe alipokuwa mdogo hakuupata. Akasema mimi naona shetani hata ndani ya puto.

Haya. Lakini naogopa. Tumemwambia yupo mmoja ambaye hatumwoni, yeye anatuona, anajua tukifanya mabaya na tukifanya mema, na ndiye anayetoa. Halafu tukamwambia yupo na mwingine, hivyo hivyo. Siku akijua huyu ni wa kubuni, yule atamweka wapi? Ana miaka sita, mjinga si mjinga. Ile doti moja shavuni ndiyo iliyompa jina, lakini maswali yake ndiyo yanayoninyima usingizi.

Jumatano, 11 Desemba

Kazini kwa dobi tumefurika. Kila mtu kakumbuka pazia lake Desemba! Supamaketi ya njiapanda wameleta suti tatu nyekundu za Baba Krismasi. Zimekaa kwenye boksi mwaka mzima, zinanuka panya. Bosi kajivika ndevu akaninyatia nyuma ya mashine ya kukaushia — ho ho hooo! Nimepiga yowe, wateja wote wamegeuka. Kanitania mpaka jioni. Mtu mzima unaogopa pamba!

Sikuogopa pamba. Bosi namjua vizuri, kikohozi chake nakijua, hata kucha zake nazijua. Lakini pale, kwa muda kidogo, sikumjua. Macho tu yanang'aa, na hayo macho yangeweza kuwa ya yeyote.

Nimezipiga pasi zote tatu. Kumbe lile tumbo ni sponji ya godoro, linafungwa kwa kamba nyuma! Nilitamani Kidoti aione ile kamba, yaishe. Halafu nikamwonea huruma.

Jumamosi, 14 Desemba

Niandike polepole.

Baba Kidoti kampeleka mtoto supamaketi kumwona Baba Krismasi, mimi nikiwa kazini. Jioni nikausikia mluzi wake getini, ule ule wa wimbo wa kwaya. Haingii nyumba hii bila mluzi. Kidoti mbele na puto, anaruka: Mama, nimeongea naye! Mdomo kwa sikio!

Yaliyobaki yakatokea mezani. Baba Krismasi kamwuliza ataingilia wapi, maana bati letu halina bomba la moshi. Na mwanangu, msema kweli, kamwelekeza. Ufunguo wa mlango wa nyuma tunauficha ndani ya gambuti kuukuu, chini ya dirisha la jiko. Akaongeza na ya bure — usiku wa mkesha sote tutakuwa kanisani, nyumba haitakuwa na mtu, kwa hiyo asiwe na wasiwasi.

Kijiko kilinidondoka.

Nikauliza taratibu, ulimwambia tu, au alikuuliza? Aliniuliza, Mama. Baba yake akadakia: aa, wanawauliza watoto wote hivyo, ni mchezo. Nikamwambia na wewe ulikuwa wapi? Kwenye foleni, hapo hapo karibu, nawaona. Unawaona! Uliwasikia?

Mtoto huyu nimemfundisha tangu ajue kusema: usiongee na usiyemjua, usimwambie mtu tunakokaa. Nikamkumbusha. Akanijibu bila hata kupepesa: "Lakini huyu namjua."

Ndiyo. Tumemjulisha wenyewe.

Jumapili, 15 Desemba

Ufunguo nimeutoa kwenye gambuti, nimeuzamisha kwenye kopo la mchele. Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikaa naangalia wanaume, mmoja mmoja, nawavika ndevu.

Jumatatu, 16 Desemba

Nimepita supamaketi kabla ya kazi. Meneja, mwenye haraka zake, kanisikiliza huku anapanga makreti. Hao ni vibarua, mama. Anayewahi asubuhi, suti ikimtosha, anavaa. Wa Jumamosi nani? Hakumbuki. Labda yule mrefu. Labda mwingine. Hajaonekana tena. Kwani kuna kilichopotea? Nikasema hapana. Basi mama, Krismasi njema!

Hakuna kilichopotea, kweli. Nikaseme nini polisi? Afande, mwanangu kamwambia Baba Krismasi ukweli! Watanicheka mpaka walie.

Alhamisi, 19 Desemba

Mungu wangu.

Nimerudi kazini, nimefungua kopo nipime mchele wa jioni. Ufunguo hamna. Nimemwaga mchele wote mezani. Hamna! Nikatoka uani mbio, nikaingiza mkono kwenye gambuti — upo. Pale pale.

Nani kaingia humu? Nani kajua habari ya kopo? Nimechungulia chini ya vitanda, nyuma ya pazia, hata ndani ya pipa la maji. Baba Kidoti kanikuta nimesimama katikati ya jiko na mwiko mkononi kama silaha. Anasema nimechoka. Desemba ya dobi imenipanda kichwani, nimeurudisha mwenyewe nikasahau.

Sijasahau. Mimi si mtu wa kusahau.

Au?

Ijumaa, 20 Desemba

Ni Kidoti! Jana niliurudisha kwenye kopo, asubuhi hii nimemfumania juu ya stuli, mkono umezama kwenye mchele mpaka kiwiko. Nikakaa chini pale pale nikacheka, nikalia. Kumbe hakuna mtu! Akanifuta machozi na mkono wenye vumbi la mchele. Nikamwuliza, mama'angu, kwa nini? "Nilimwahidi ataukuta. Na Baba alisema ahadi ni mbele za Mungu."

Machozi yakakauka. Mwizi naweza kumfungia mlango. Huyu anayeufungua kwa ajili ya Mungu nimfanyeje?

Baba Kidoti aliporudi nikambana. Mwambie. Leo. Wewe ndiye uliyemleta huyo mtu humu ndani. Nilitegemea kicheko. Hakucheka. Kakaa kitandani, soksi moja mguuni nyingine mkononi. Akasema: nikimwambia huyu tulimtunga, ataniuliza na yule mwingine. Nitamjibu nini? Darasa zima la watoto nalifundisha kila Jumapili, hakuna aliyewahi kuniuliza. Naogopa wa kwanza asije akawa wangu.

Sikujua kama anaogopa! Mimi nilidhani mwoga ni mimi peke yangu humu, yeye kazi yake kucheka. Nimemshika mkono, wa baridi. Tumekubaliana kitasa kibadilishwe kwanza. Kumwambia mtoto, tusubiri sikukuu ipite.

Jumapili, 22 Desemba

Kitasa kipya cha mlango wa nyuma tayari. Kakifunga mwenyewe, faida ya kuolewa na fundi umeme, bisibisi haikosekani. Komeo la ndani, lile lililong'oka, hakupata la kufanana. Funguo tatu: wake, wangu, na wa akiba. Wa akiba kautia kwenye mkoba wa Biblia yake, ule wenye zipu. Hapo Kidoti hathubutu kugusa.

Na ule wa zamani nimemwachia Kidoti aurudishe kwenye gambuti, roho yake itulie. Wazo langu hilo! Ahadi yake imetimia, mlango haufunguki, na kila mtu ana amani yake. Baba Kidoti kaniambia mke wangu u mjanja. Nimejiona mjanja kweli. Nimekula sahani mbili.

Jumatatu, 23 Desemba

Supamaketi wamerudisha suti zifuliwe, wanazifungia mpaka mwakani. Mbili. Nikauliza ya tatu iko wapi. Dereva aliyezileta kacheka: kibarua mmoja katoweka nayo, kajilipa mwenyewe! Bosi naye kacheka. Mimi shati la mteja limeungua kola mikononi mwangu.

Nimemwambia Baba Kidoti. Kaenda kujaribu kitasa. Kinafunga. Kaja kukaa. Kaenda kujaribu tena.

Jumanne, 24 Desemba

Naandika ili nisipige yowe. Niko sakafuni jikoni, mgongo kwenye friji, friji kwenye mlango wa nyuma. Nimeisukuma peke yangu, sijui nguvu nimezitoa wapi. Kidoti yuko ubavuni kwangu. Nje bado kuna jua.

Bosi alituachia mapema. Baba Kidoti alikuwa ananisubiri nifike, aende kanisani kufunga spika za ibada ya usiku. Akachukua Biblia yake, akaenda. Kidoti nikamkuta kavaa gauni la sikukuu na viatu, kakaa kwenye stuli anachungulia uani. Anasubiri. Lile tabasamu lake! Nikashindwa. Tulisema baada ya sikukuu, nikashindwa. Nikapiga magoti mbele yake. Nikamwambia sikiliza mwanangu, Baba Krismasi ni mchezo. Ni watu tu wanavaa. Tumbo ni sponji, linafungwa kwa kamba, mimi mwenyewe nimezipiga pasi zile nguo. Hayupo. Hajawahi kuwepo.

Nilikuwa nimeshika leso tayari, nikijua atalia. Hakulia. Aliniangalia tu, mpaka nikaona haya. Halafu akauliza:

"Basi yule niliyempa ufunguo jana ni nani?"

Nilimwambia rudia. Akarudia. Jana, baba yake kalala baada ya chakula, yeye anacheza uani. Akaja mtu mpaka kwenye uzio wa nyuma. Nguo nyekundu. Ndevu kaziweka mfukoni, kasema zinamwasha. Kasema ule wa kwenye gambuti kaujaribu, haufungui. Kasema: kumbe nawe ni mwongo?

"Nikaona aibu, Mama. Nilikuwa nimeahidi."

Akaenda kwenye mkoba wa Biblia. Akaangalia kwanza kama Mungu atakasirika. Akaona hapana, ahadi ni yake Mungu.

Ule wa kwenye gambuti kaujaribu! Ina maana aliingia uani kwetu. Alisimama mlangoni hapa, kitasa hiki hiki mkononi, sisi tuko wapi? Kazini? Tumelala? Na mimi nakula sahani mbili, najiona mjanja!

Nimempigia Baba Kidoti. Mara ya kwanza hakusikia, spika zinapiga kelele, moja-mbili, moja-mbili. Mara ya pili kapokea. Nikamwambia fungua mkoba wa Biblia. Kwa nini? Fungua! Nikaisikia zipu. Nikasikia kurasa zinapekuliwa. Halafu: hamna. Nikamwambia njoo. Kakata simu bila kuaga.

Nilitaka tutoke. Lakini milango yote miwili inatokea kwenye ua mmoja, geti ni moja, na siujui ua una nani. Majirani wamesafiri, kabaki paka. Usiku wa mkesha ndio aliambiwa nyumba haina mtu. Usiku bado. Lakini aliyeujaribu mlango wa watu mchana, nani kasema anasubiri usiku?

Kidoti kaniuliza kama amefanya dhambi. Nimemwambia hapana. Kauliza basi nani kafanya.

Geti limelia.

Nasikiliza mluzi. Hakuna mluzi. Labda kaja mbio, mtu anayekimbia hawezi kupiga mluzi. Labda ni hivyo. Naita jina lake au nikae kimya? Nikiita, atajua tumo humu. Hatua hazikuja mlango wa mbele. Zinazunguka nyumba, zinakuja huku nyuma, taratibu. Baba Kidoti nimemwambia njoo, sikumwambia tuko wapi. Angeanza mbele. Si angeanza mbele?

Kidoti kanivuta mkono huu wenye kalamu. Ananong'ona anataka kusali. Nikamwambia sali, mama, sali upesi. Kakunja viganja. Kafumba macho. Kayafumbua tena, kayaelekeza kwangu, na huko nje hatua zimesimama.

"Lakini niambie ukweli kwanza, Mama. Huyu ninayemwomba, yupo?"