Sauti ya Jitu la Mlimani

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Kamukuywa tu wazima. Ng'ombe amezaa, na kikohozi cha babu yako kimepungua.

Uliponipeleka kutazama filamu ya Jitu la Mlimani, uliniuliza, "Kukhu, mbona ulinyamaza filamu ilipoisha?" Kitabu cha hadithi hiyo nilisomewa na marehemu dada yangu, Nasimiyu, nikiwa bado sijui kusoma. Jitu likinguruma, naye hunguruma, mpaka mama anapaza sauti jikoni: "Nyinyi, mtaamsha mtoto!" Tunajificha blanketini tukicheka.

Filamu ilikuwa nzuri, usijilaumu. Lakini tangu siku ile, nikilikumbuka jitu, namsikia yule mwigizaji. Sauti ya Nasimiyu naitafuta siipati. Hakuwahi kupigwa picha. Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa imenibakia.

Wasalimie wote huko Kitale.

Kukhu wako