Uji wa Mama Mkwe

Awendo, Jumanne

Eti tumbo halina shida! Nilifanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, ili nishibe upesi, miaka mitatu iliyopita, sasa kilo zinarudi, na leo nilienda hospitali nikiwa na hakika daktari aliliacha kubwa mno. Akaangalia picha ya eksirei, akasema saizi ni ileile aliyoiacha.

"Unakunywa nini?"

Uji, nikamwambia, wenye sukari. Ugali ukinishinda, mama mkwe hunipa uji, nao haujazi, unapita tu. Mimi nilitaka kosa liwe la kisu chake.

Nimerudi nyumbani nimenuna. Mama mkwe akaniangalia usoni. "Nyathina, mtoto wangu, hujala kitu tangu asubuhi." Akaniletea uji, kikombe kikubwa kuliko tumbo lenyewe.

Nikaumaliza wote. Tumbo halikulalamika hata kidogo, na hilo ndilo linalonikera.